Mhitimu wa HGL anataka fani ndogo ya kemia: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwanafunzi wa kisa hiki ni wa mfano, lakini kila kipande cha hali yake ni cha kawaida kwa washauri wa masomo. Ametoka Tanzania, kidato cha sita alisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na sasa yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani. Fani yake kuu ni uhusiano wa kimataifa. Amemaliza mihula mitatu, ana krediti 48 kati ya 120 za shahada, na GPA yake, yaani wastani wa alama zake kwa kipimo cha 4, ni 3.20. Ufadhili unaomlipia unadai GPA isishuke chini ya 3.0. Viza yake ni F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Muhula wa nne unaanza Januari, naye anataka kuongeza fani ndogo ya sayansi, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita maina. Amechagua kemia.

Hesabu aliachana nayo kidato cha nne kwa D, yaani alama kati ya 30 na 44. Fizikia na kemia alizisoma kidato cha kwanza na cha pili, kisha akaingia mchepuo wa sanaa. Baiolojia ilikuwa lazima, kwa hiyo akafika nayo hadi kidato cha nne. HGL haina BAM, lile somo la hesabu za msingi, hivyo miaka miwili ya A-level ilipita bila hesabu yoyote isipokuwa ile iliyojificha ndani ya jiografia. Hiyo iliyojificha tutairudia, kwa sababu kisa kizima kinageukia hapo.

Anataja sababu mbili. Kwanza, anataka kazi katika mashirika yanayoshughulikia maji na ukame. Pili, ameambiwa kuwa fani ndogo ya sayansi itampa miezi 24 zaidi ya kufanya kazi Marekani baada ya kuhitimu. Ipo na ya tatu ambayo haisemi: miaka yote amesikia kwamba wa sanaa ni yule aliyeshindwa sayansi, na kemia itawafunga watu midomo. Sababu hii haina kosa, ila haipaswi kushika usukani.

Miezi 24 iondolewe mezani kwanza

Mwenye F-1 akimaliza shahada anaweza kuomba OPT, yaani ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani yake. Nyongeza ya miezi 24 hupewa waliosoma shahada za sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na kinachotazamwa ni namba ya fani ya shahada yenyewe. Fani kuu ya pili inaweza kukubaliwa. Fani ndogo haihesabiki, iwe kemia, fizikia au nyingine yoyote. Mtu asijitese mihula mitano kwa ajili ya faida isiyokuwepo. Kama lengo ni hiyo miezi, mazungumzo ni ya kubadili fani kuu, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Kwenye shahada, fani ndogo aghalabu haiandikwi kwenye cheti cha ukutani bali kwenye transkripti. Mwajiri haisomi kama sifa ya ukemia. Anauliza: unajua kufanya nini? Swali hilo tulishike tunapopima fani moja baada ya nyingine.

Krediti zinatosha, mihula haitoshi

Wanafunzi wengi hupima fani ndogo kwa jumla ya krediti. Katalogi inasema krediti 20, wao wana nafasi ya 30, basi mambo yamekwisha. Tufanye hesabu hiyo kwa huyu. Amebakiza krediti 72: 27 za fani kuu, 15 za masomo ya lazima kwa wote, na 30 za kuchagua mwenyewe. Fani ndogo ya kemia kwa kawaida ni Kemia ya Jumla I na II pamoja na maabara (8), Kemia ya Kaboni I na II pamoja na maabara (8), na kozi moja ya juu kama kemia ya uchanganuzi (4). Jumla ni 20.

Lakini haanzii hapo. Kabla ya Kemia ya Jumla I anahitaji aljebra ya chuo (3) na, kwa mtu ambaye hajaigusa kemia tangu kidato cha pili, kozi ya maandalizi (4). Hizi ndizo kozi tangulizi, na katalogi haizijumlishi katika zile 20. Sasa ni 27. Aljebra itahesabika kwenye lazima ya hesabu na Kemia ya Jumla I kwenye lazima ya sayansi yenye maabara, kwa hiyo zinazokula nafasi yake ya kuchagua ni 20 tu. Kwa krediti, anaweza.

Tatizo ni mpangilio wa kozi. Muhula wa nne, aljebra na kemia ya maandalizi. Wa tano, Kemia ya Jumla I. Wa sita, ya II. Wa saba, Kemia ya Kaboni I. Wa nane, ya II pamoja na ile ya juu. Kila kozi imeishika mkono iliyotangulia, na muhula wa nane ndio wa mwisho. Hakuna hata muhula mmoja wa akiba. Akipata D katika Kemia ya Jumla I, itabidi airudie, kwa sababu fani ndogo nyingi hudai C au zaidi katika kila kozi. Na Kemia ya Kaboni II katika vyuo vingi hufundishwa muhula wa Januari tu. Kuteleza mara moja kunamaanisha ama kuacha fani hiyo katikati ama kuongeza mwaka mzima, na ufadhili wa miaka minne hauongezi mwaka.

Kuna wanaomshauri asome Kemia ya Jumla zote mbili majira ya joto. Kwa mwenye msingi, sawa. Kwa huyu, ni kuchukua kozi ya wiki 15 na kuibana ndani ya wiki tano au sita, wakati anachokosa hasa ni muda wa kuzoea.

Kinachoangusha watu kwenye kemia si kemia

Mtazame mwanafunzi aliyekwama kwenye swali hili: gramu 18 za glukosi zikiungua kabisa, zinatoa gramu ngapi za kaboni dioksidi? Kemia iliyomo ni ndogo. Unahitaji kujua kuwa molekuli moja ya glukosi hutoa sita za kaboni dioksidi, na kuwa moli moja ya glukosi ina gramu 180 na ya kaboni dioksidi ina 44. Baada ya hapo ni uwiano: 18 kwa 180 ni moli 0.1; mara sita ni 0.6, mara 44 ni gramu 26.4. Anayeshindwa hapa mara nyingi anaijua glukosi vizuri. Kinachomponyoka ni lini agawanye na lini azidishe.

Baadaye kidogo inakuja pH, kipimo cha uasidi. Mkusanyiko wa ayoni za hidrojeni wa 0.001 unatoa 3, na kila mtu anafurahi. Mkusanyiko wa 0.0025 unatoa 2.6, na hapo asiyejua logi anaanza kukariri vitufe vya kikokotoo. Kukariri kunampeleka hadi mtihani wa kwanza. Wa pili ukiunganisha logi, uwiano na kutenga herufi katika mlinganyo mmoja, anazama.

Kwa hiyo, fani yoyote atakayochagua, kazi ya kwanza ni aljebra, na ianze kabla ya Januari. Saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita: saa 45. Mpangilio una maana. Sehemu na namba hasi kwanza, kisha asilimia na uwiano, kutenga herufi, vipeo na namba za kisayansi, kubadili vizio, mteremko wa mstari kwenye grafu, na logi mwisho. Wengi huanzia logi kwa kuwa ndiyo inayowatisha, wakati makosa yao yanatoka kwenye sehemu. Tovuti ya Khan Academy ina mazoezi ya bure ya mada hizo zote, na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inatoa vitabu vya kiada bila malipo.

Vyuo vingi hupanga wanafunzi kwenye madarasa ya hesabu kwa ALEKS, jaribio la kompyuta: maswali yasiyozidi 30, alama kutoka 0 hadi 100, na kwa kawaida huhitajika takribani 75 au zaidi ili kuingia kalkulasi. Mtihani huo una kitufe cha kusema hujui. Akibonyeze bila aibu. Anayebahatisha, au anayesaidiwa na rafiki akifanya jaribio akiwa chumbani, hupangiwa darasa la juu kuliko uwezo wake, na analipia wiki ya nne. D ya kidato cha nne haina haja ya kufichwa hapa. Mashine ikiijua, inampangia pa kuanzia.

Muhula mmoja mbaya unagharimu nini

Tuseme Januari anakaidi na kupata ruhusa ya kuingia moja kwa moja Kemia ya Jumla I (4), pamoja na aljebra ya juu inayotangulia kalkulasi (4) na kozi mbili za fani kuu (6). Jumla 14. Kemia anapata D, hesabu C, na zile mbili za fani kuu B+ kila moja. Kwa kila krediti D ni pointi 1, C ni 2 na B+ ni 3.3. Pointi: 4, 8 na 19.8, jumla 31.8. Alikuwa na 153.6 kutoka krediti 48. Sasa ana 185.4 kwa krediti 62. Gawanya: 2.99.

Ufadhili unataka 3.0.

Atasema ataiondoa kemia kabla mambo hayajaharibika. Wiki ya kwanza au ya pili kozi hutoka bila alama. Baada ya hapo, hadi karibu wiki ya 10, anaweza kujiondoa akabaki na herufi W isiyogusa GPA. Ila mwenye F-1 lazima abebe krediti 12 au zaidi kila muhula. Alianza na 14. Akitoa kozi ya krediti 4 anabaki na 10, na kama ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijaidhinisha kabla, amevunja masharti ya viza. Zipo sababu zinazokubalika za kupunguziwa mzigo, mojawapo ikiwa ni kupangwa kwenye kozi isiyolingana na kiwango chake, lakini ruhusa hiyo hutolewa mara moja tu katika ngazi ya shahada, asishuke chini ya krediti 6, na muhula unaofuata arudi kwenye mzigo kamili. Idhini inatangulia, kujiondoa kunafuata. Kinyume chake hakirekebishiki kirahisi.

Dawa yake ni rahisi mno hata watu huisahau: muhula wa kujaribu sayansi, aandikishe krediti 16. Akitoa 4 anabaki na 12. Vyuo vingi hutoza ada ileile kuanzia 12 hadi 18, kwa hiyo krediti hizo mbili za kinga huenda zisimgharimu chochote.

Nyingine zinazowezekana

Fizikia tuipite haraka. Inataka kalkulasi, kalkulasi inataka hesabu mbili kabla yake, na kozi ya fizikia ya kisasa inataka fizikia mbili za mwanzo. Kwa huyu mihula inaisha kabla ya fani kuisha.

Baiolojia inaonekana ya kirafiki, na kwa sehemu ni kweli: kozi mbili za mwanzo zinadai kusoma sana na hesabu kidogo. Mtego uko juu. Jenetiki na baiolojia ya seli mara nyingi hudai Kemia ya Jumla I, jambo ambalo halimo kwenye ukurasa wa fani ndogo bali kwenye maelezo ya kozi moja moja. Kama idara inaruhusu kumalizia kwa ikolojia na kozi za wanyama au mimea, mlango uko wazi. Vinginevyo amerudi kwenye mnyororo uleule kwa jina jingine. Mtego wa pili ni kozi ya baiolojia kwa wasiosoma sayansi: inatosheleza lazima ya chuo, lakini kwa kawaida haihesabiki kwenye fani ndogo wala haifungui kozi za juu. Wapo waliopata A humo wakagundua hawajasogea.

Takwimu ni nzuri pale ambapo idara ina njia isiyodai kalkulasi. Jiolojia nayo si mbaya, mradi asilazimishwe kupita kwenye madini, ambako kemia inamsubiri.

Sayansi ambayo tayari anayo

Sasa turudi kwenye jiografia. Kwa miaka miwili mwanafunzi huyu alisoma ramani za 1:50,000, ambako sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Alikokotoa mteremko kwa kugawa kimo kwa umbali, akapima uelekeo, akafasiri picha za anga, akasoma upimaji wa ardhi, udongo na tabianchi, na akatafuta wastani na mchepuko sanifu. Nyumbani hayo yanaitwa somo la sanaa kwa sababu yanakaa kwenye kundi moja na historia. Katika vyuo vya Marekani, jiografia ya maumbile yenye maabara huhesabiwa sayansi, na juu yake hukaa GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, na uchambuzi wa picha za setilaiti.

Fani ndogo ya namna hiyo inaweza kuwa hivi: jiografia ya maumbile na maabara (4), GIS I (4), GIS II (4), picha za setilaiti (4), takwimu za utangulizi (3), na kozi ya maji au tabianchi (3). Jumla 22, na aljebra juu yake ni 25. Jiografia ya maumbile inajibu lazima ya sayansi, takwimu inajibu lazima ya hesabu, kwa hiyo nafasi ya kuchagua inayoliwa ni krediti 18. Kemia ilikuwa 20. Kwa krediti tofauti ni mbili tu. Kwa mnyororo, tofauti ni kubwa: kilichofungana hapa ni GIS I kwenda GIS II, na aljebra kwenda takwimu. Kozi nyingine zinaweza kusogezwa.

Asidhani lakini kwamba ameokota embe chini ya mwembe. GIS ina namna yake ya kuwaumiza watu wa sanaa, na ni vizuri ajue mapema.

Kinachoharibu kazi nyingi za mwanzo ni mifumo ya koordineti, yaani namba zinazoonyesha mahali. Tanzania inapitiwa na kanda tatu za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za kupimia: Kigoma iko ya 35, Mwanza ya 36, Dar es Salaam ya 37. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilijengwa juu ya rejea ya vipimo iitwayo Arc 1960, wakati GPS inatoa rejea nyingine, WGS 84. Akizichanganya bila kubadilisha, kisima kinahama mamia ya mita kutoka kilipo, na programu haitalalamika. Akikokotoa eneo la shamba data ikiwa bado kwenye digrii, atapata namba isiyo na maana yoyote. Faili nayo ina hila zake: shapefile moja, aina ya faili la ramani, ni mafaili kadhaa yanayokaa pamoja, .shp, .shx, .dbf na kwa kawaida .prj. Anayemtumia mwenzake .shp peke yake amemtumia ganda. Ikikosekana .prj, data inafunguka lakini haijui iko wapi duniani.

Hesabu iliyomo ni ya kiwango anachoweza kukifikia kwa zile saa 45. Kipimo cha ukijani wa mimea, NDVI, ni infraredi ya karibu toa nyekundu, gawanya kwa jumla yake. Kwa setilaiti ya Landsat 8 hizo ni bendi ya 5 na ya 4, pikseli ya mita 30. Kwa Sentinel-2 ni ya 8 na ya 4, mita 10. Infraredi ikiwa 0.45 na nyekundu 0.09, unapata 0.36 kwa 0.54, yaani takribani 0.67: mimea mizito. Mtu wa mashirika ya ukame anafanya hesabu hiyo kwa wilaya nzima, mwezi kwa mwezi, na kuona malisho yanavyokauka. Hilo ndilo jibu la swali la mwajiri, na linafungana na fani yake kuu bila kulazimishwa. Pia anaandika vizuri. Ripoti ya maabara inayosomeka ni mtaji ambao wengi waliotoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) hawana.

Kompyuta aiangalie mapema. ArcGIS Pro, programu ya GIS, huendeshwa kwenye Windows. Mwenye Mac atategemea maabara ya chuo, na zoezi la saa tatu likawa la sita. QGIS, programu nyingine ya GIS, ni ya bure na inakubali zote, ila mwalimu huenda akasahihisha kwa hatua za ArcGIS peke yake.

Januari inavyopangwa

Muhula wa nne: jiografia ya maumbile (4), aljebra (3), kozi mbili za fani kuu (6), moja ya lazima (3). Krediti 16. Wa tano: GIS I na takwimu. Wa sita: GIS II. Wa saba: picha za setilaiti. Kozi ya maji inaweza kuwa muhula wowote, na wa nane unabaki akiba ya kurudia kitu.

Kabla ya kujiandikisha, idara ipelekewe barua pepe yenye maswali matatu, na majibu yatunzwe: kozi gani tangulizi hazikuandikwa kwenye ukurasa wa fani ndogo; kila kozi itafundishwa mihula ipi kwa miaka miwili ijayo; na ni krediti ngapi zinaweza kuhesabiwa mara mbili au kuletwa kutoka chuo kingine. Hilo la mwisho ni kwa sababu huenda akataka kusoma takwimu majira ya joto kwenye chuo cha jamii, ambako ni nafuu. Krediti huhamia, alama kwa kawaida haiingii kwenye GPA, na vyuo vingi hudai angalau nusu ya fani ndogo isomwe kwao.

Fomu ya kutangaza fani asiijaze Januari. Aijaze Mei, alama zikishatoka. Akipata B au zaidi katika aljebra na bado moyo uko kwenye kemia, achukue kemia ya maandalizi muhula wa tano kama kozi ya kuchagua, ndani ya krediti 16, bila kujifunga na fani nzima. Akipata chini ya C katika aljebra, takwimu isogezwe hadi muhula wa sita na aljebra irudiwe. GIS I inaendelea kama ilivyopangwa, kwa kuwa haikuwa ikiisubiri.